Kipimo cha Bure na Kipimo cha Fedha: Cheti cha Msafiri katika Nyanda za Juu Kusini

Tangu zamani msafiri amehitaji vitu vitatu kabla ya kuondoka kwao: masurufu ya njiani, mtu wa kumpokea aendako, na neno la kumtambulisha kwa wasiomjua. Vitu viwili vya kwanza havihitaji maelezo. Cha tatu ndicho kilichobadilika sana kwa kupita kwa miaka. Hapo kale neno lile lilikuwa jina la ukoo au salamu za mtu mkubwa. Baadaye likawa kipande. Kisha likawa pasi. Na katika miaka ya 2020 hadi 2022 likawa karatasi ya maabara, isemayo kwamba mwenye nayo hakuonekana na virusi vya UVIKO-19. Wahenga husema msafiri kafiri. Safari humtenga mtu na wale wanaomjua, na asiyejulikana hushukiwa hata kama ni mwema. Karatasi ile ilikusudiwa kuondoa shaka hiyo.

Swali la insha hii ni dogo kwa kulitazama. Msafiri apimwe wapi: penye kipimo cha bure, au penye kipimo cha fedha? Mtu mwepesi atajibu kwamba bure ni bora. Mwingine atajibu kwa methali, kwamba rahisi huvunja upishi. Majibu yote mawili yatazama bei peke yake. Nia yangu ni kuonyesha, kwa mifano ya historia ya nchi ya Mbeya na Iringa, kwamba bei ni jambo la pili. La kwanza ni hili: ni nani aulizaye swali ambalo kipimo hulijibu, na jibu lake huwa mali ya nani? Tukilijua hilo tutaelewa kwa nini kipimo cha bure kimewahi kumgharimu mtu ghali, na kwa nini kipimo cha fedha mara nyingi hakikumwambia mlipaji lolote alilotaka kujua juu ya mwili wake.

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mazao, nayo ni nchi ya njia pia. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo wakoloni wa Kiingereza waliota kuifanya kamba ya kuunganisha Rasi ya Tumaini Jema na Misri, ilipita Tunduma, ikaja Mbeya, ikapanda Iringa. Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilitafuta mlango wa bahari usiopita kwa wabaguzi, na njia hiyo ikageuka kuwa koo la nchi nzima: malori ya mafuta yakipanda, malori ya shaba yakishuka. Bomba la mafuta likafuata mwaka 1968, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapitishwa Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma hadi Kapiri Mposhi. Tunduma ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Basi mwenyeji wa nchi hii amezoea kuona watu wakipita mbele ya mlango wake, naye amezoea kupita milango ya wengine. Kwake swali la nani apite na nani azuiwe ni la maisha ya kila siku.

Tuanze na wakati ambapo hapakuwa na kipimo chochote. Mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, likapita Ungoni, likafika Ubena mwezi wa Oktoba. Huko lilimwacha Jenerali Wahle, aliyekuwa mgonjwa, likaendelea hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambako lilisalimu amri katika mji wa Abercorn tarehe 25 Novemba. Katika miezi hiyo hiyo mafua makuu yaliyozunguka dunia yaliingia katika nchi hii iliyokuwa imekwisha kuchoshwa na vita, na ambayo vyakula vyake vilichukuliwa na majeshi ya pande zote mbili. Ugonjwa ulitembea pamoja na askari, na wapagazi, na watu waliokuwa wakirudi makwao. Hapana aliyeulizwa cheti, kwa kuwa hapakuwa na mtu ulimwenguni aliyeweza kukitoa: kirusi cha mafua ya binadamu hakikutambuliwa hadi mwaka 1933. Wakati ule njia ilikuwa wazi kwa mzima na mgonjwa sawasawa, na gharama yake ililipwa na vijiji.

Kipimo cha kwanza ambacho watu wengi wa nyanda hizi walikijua hakikuletwa na tauni wala mafua. Kililetwa na kazi. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilianzisha ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wabena wa Njombe walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro. Mtu aliandikishwa, akatazamwa mwili, akapewa namba, akapakiwa. Kutokana na namba hiyo lugha yetu ilipata neno manamba, na neno hilo limebaki na uchungu wake hata leo. Upande wa Rungwe, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi walikwenda mbali zaidi, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kwa mkono wa shirika la kuajiri lililoitwa kwa kifupi Wenela.

Wenela walikuwa na sababu ya kupima. Mwaka 1913 Serikali ya Afrika Kusini ilikataza kuajiri watu watokao kaskazini ya latitudo ya nyuzi 22 kusini, kwa kuwa wafanyakazi wa nchi za joto walikufa kwa kichomi kwa idadi iliyowatisha hata wenye migodi. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1930, na Mbeya, iliyo karibu na nyuzi 9, ikawa ndani ya nchi zilizofunguliwa. Tangu hapo mwajiriwa alipimwa uzito, akasikilizwa kifua, na huko mgodini akapigwa picha ya eksirei. Hakutozwa hata senti moja kwa hayo yote.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Kipimo kile kilikuwa bure kwa sababu swali halikuwa la kijana aliyepimwa. Swali lilikuwa la mwenye mgodi: je, kifua hiki kitachimba kwa muda wa mkataba? Jibu lilikwenda kwake, likakaa katika daftari lake. Kijana aliyeonekana hafai alirudishwa nyumbani bila dawa, na aliyeonekana anafaa aliteremshwa chini ya ardhi, mahali ambapo vumbi lilikuwa likingojea kuuharibu uzima uliothibitishwa. Serikali ya Tanganyika ilikomesha uajiri huo baada ya uhuru, na wengi walisifu tendo hilo kwa sababu ya heshima ya taifa na chuki ya ubaguzi. Nami nasifu kwa sababu hizo. Lakini naongeza nyingine: lilikomesha kipimo ambacho mpimwaji hakuwa na haki ya kulijua jibu lake.

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikitunga sheria za namna nyingine. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za afya za safari za kimataifa, zilizohusu maradhi sita: tauni, kipindupindu, homa ya manjano, ndui, na aina mbili za homa ziletwazo na chawa. Wasafiri wa rika la wazazi wetu wanakumbuka vyeti vya chanjo ya ndui, ambavyo vilitakiwa mipakani hadi ugonjwa huo ulipokomeshwa duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Cheti cha homa ya manjano kimeishi zaidi ya ndugu yake. Na tangu Julai 2016 chanjo moja huhesabiwa kuwa yatosha kwa maisha yote ya mtu.

Katika kanuni hizo limo wazo ambalo watu wachache hulikumbuka, nalo ni wazo kubwa: kwamba nchi ikimpima mgeni kwa ajili ya kujilinda yenyewe, haifai kumtoza mgeni huyo. Wazo hilo limo pia katika Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zetu zote za Afrika ya Mashariki zimezikubali. Kifungu cha 40 chakataza kumtoza msafiri ada kwa uchunguzi wa kitabibu utakiwao ili kujua hali ya afya yake, wala kwa cheti kionyeshacho hatua alizofanyiwa, wala kwa kutengwa karantini. Isipokuwa kwa wale waombao ruhusa ya kukaa nchini. Hoja yake ni ya haki. Anayeogopa ndiye anayeuliza. Na aulizaye ndiye alipe.

Lakini kifungu hicho hicho kiliacha mlango mdogo wazi, kwa kuruhusu ada kwa hatua ambazo hasa ni kwa faida ya msafiri mwenyewe. Katika mlango huo mdogo lilipita soko zima la mwaka 2020.

Yatupasa sasa kueleza mambo ya miaka hiyo kwa utaratibu. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais wa Tanzania na Zambia walifungua Tunduma na Nakonde kituo cha pamoja cha mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ilikuwa siku ya furaha kwa madereva waliozoea kulala siku kadhaa katika foleni. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 katika Tanzania alitangazwa, huko Arusha. Mwezi wa Mei, baada ya wagonjwa wengi kupatikana Nakonde kwa siku moja, Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku chache. Kituo kilichojengwa kwa ajili ya kuondoa kusimama kikawa mahali pa kusimama. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ilifunga mipaka yake na Tanzania, ila kwa malori ya mizigo, na dereva wa lori hakuingia bila kipimo.

Katika mwezi huo huo, tarehe 3 Mei 2020, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilirudi na majibu ya kuwa na ugonjwa. Hesabu ya wagonjwa ya Tanzania iliyojulikana duniani ilisimama katika watu 509 na vifo 21, na haikuendelea hadi baada ya kifo chake, Machi 2021, wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipochukua uongozi na kuunda kamati ya wataalamu. Si kazi ya insha hii kuhukumu zama zile. Nataka tuone jambo moja tu, ambalo mwanahistoria wa kesho asiliache. Katika mwaka ule raia aliambiwa avitilie shaka vipimo, lakini msafiri wa kwenda nje aliendelea kupimwa na maabara za serikali, akapewa cheti, na cheti hicho kikaaminiwa katika viwanja vya ndege vya nchi za mbali. Kipimo cha bure, kilichokusudiwa kuijulisha nchi hali yake, kilinyamaza. Kipimo cha fedha, kilichokusudiwa kuwajulisha wageni hali ya mtu mmoja, kiliendelea kusema.

Ada ya cheti hicho Tanzania Bara ilifika dola 100 za Marekani, yaani shilingi 230,000 hivi kwa bei ya wakati ule. Ili tuone uzito wake, tukumbuke kwamba kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kilimo, kwa agizo la mwaka 2013 lililokuwa likitumika bado, kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe angefanya kazi zaidi ya miezi miwili, bila kula wala kuvaa, ndipo anunue karatasi moja. Mei 2021 ilitangazwa kwamba wanaoingia nchini watapimwa kwa kipimo cha haraka kwa gharama yao, dola 25, ambazo kwa Bara zilipunguzwa baadaye hadi dola 10.

Tena fedha haikuwa gharama pekee kwa mtu wa nyanda hizi. Cheti kilihesabiwa kwa saa. Nchi nyingi zilitaka kisipite saa 72 tangu sampuli kuchukuliwa. Katika miezi ya mwanzo sampuli zote zilikwenda Dar es Salaam. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni kilomita 500 hivi, na kutoka Mbeya ni zaidi ya 800, kwa kushuka Kitonga na kupita Mikumi. Aliyekaa Dar es Salaam alilipa ada ile ile, akabaki na saa zake. Wa Mbeya alilipa ada, kisha akalipa kwa saa. Ndiyo kusema kwamba bei moja iliyoandikwa ukutani haikuwa bei moja kwa watu wote.

Naomba ruhusa ya msomaji nieleze jambo langu mwenyewe, kwa sababu nililotendewa ni dogo na nililolitenda ni la kujutia. Mwaka 2021 nilialikwa katika kongamano la lugha katika nchi jirani. Siku nne kabla ya safari nilishikwa na kikohozi. Nikaenda hospitali moja mjini Mbeya, nikamkuta muuguzi, mama wa makamo.

“Shikamoo mama,” nikasema. “Nimekuja kupimwa korona.”

“Marahaba, mwalimu,” akajibu. “Wataka kujua kama waumwa, au wataka cheti?”

Nikamwambia nataka vyote viwili.

“Vyote viwili havikai dirisha moja,” akasema kwa upole. “Ukiumwa, pita kule nyuma. Hulipi; watakutazama ili wajue wakutibu nini. Ukitaka cheti, jiandikishe kwanza kwenye mtandao, ulipe, ndipo urudi hapa.”

“Na wakinipima kule nyuma nikaonekana sina ugonjwa, majibu hayo hayanifai mpakani?”

“Mwalimu, mpakani hawasomi majibu. Wanasoma muhuri.”

Nilisimama kidogo kati ya milango ile miwili. Kisha nikajiandikisha, nikalipa, nikarudi katika dirisha la cheti. Na nilipoulizwa kama nina dalili zozote, nikasema sina. Majibu yalikuja yakiwa safi, zikiwa zimesalia saa 20 hivi, nikaondoka. Kikohozi kilipona chenyewe baada ya juma moja. Lakini sikusahau kwamba siku ile nilikuwa na swali moja juu ya kifua changu, nami nililiacha mlangoni, nikaenda kulipia jibu la swali la mtu mwingine. Tena nilidanganya ili nilipate. Kijana wa Rungwe katika siku za Wenela alificha kikohozi chake kwa kuwa alihitaji mkataba. Mimi, mwenye shahada na mshahara, nilificha changu kwa ajili ya kongamano. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na pale ambapo safari nzima hutegemea karatasi, hata mtu mwaminifu hujifunza kuficha.

Niliyoyatenda mimi mara moja, dereva wa lori aliyakabili kila safari. Nina mpwa wangu aliyeanza kazi kama utingo, kisha akawa dereva wa lori la shaba kati ya Lubumbashi na Dar es Salaam. Njia yake ina mipaka miwili, Kasumbalesa na Tunduma, na katika miaka ile kila mpaka ulikuwa na kalamu yake. Cheti kilichokubaliwa huku kilikataliwa kule, akapimwa tena, akalipa tena, na mara nyingine tajiri wake hakumrudishia fedha. Alihifadhi vyeti vyake vyote katika mfuko wa plastiki chini ya kiti. Siku moja alinionyesha, akacheka: “Mjomba, sijui niliumwa lini katika miaka hii miwili. Najua nililipa lini.” Sijasikia maneno yaliyoeleza kipimo cha fedha vizuri kuliko hayo.

Kwamba malalamiko hayo hayakuwa ya mtu mmoja, yalionekana wazi Januari 2022 katika mipaka ya Malaba na Busia. Uganda ilitaka kila dereva aingiaye apimwe na kulipa dola 30, hata kama alikuwa na cheti kizuri kutoka alikotoka. Madereva waligoma. Malori yakapangana makumi ya kilomita ndani ya Kenya, mafuta yakaadimika Uganda na bei yake ikapanda sana. Serikali ya Uganda ikaiondoa ada hiyo kwa madereva. Katika siku chache nchi nzima ilijifunza yale yaliyoandikwa katika Kifungu cha 40 tangu mwaka 2005. Dereva hakuwa mtalii aliyechagua kwenda kutazama maziwa. Alikuwa amebeba petroli ya kila mwenye pikipiki katika Kampala. Ada aliyotozwa yeye ilikuwa kodi juu ya bidhaa za wote, ila ilichukuliwa mfukoni mwa aliye mnyonge kuliko wote.

Haki yataka tusikilize upande wa pili pia. Yuko atakayeuliza: kwa nini mkulima wa mahindi wa Ismani, asiyevuka hata mpaka wa wilaya, alipe kwa kodi yake cheti cha mtu aendaye Dubai kununua bidhaa? Vitendanishi vya maabara huagizwa kutoka ng’ambo kwa fedha za kigeni, na kijiti kimoja kikitumika kwa msafiri mzima, kimepungua kwa mgonjwa. Hoja hii ina nguvu, na nchi tajiri ziliifuata. Katika Uingereza huduma ya afya ya taifa ilipima bure watu wenye dalili, lakini msafiri alikatazwa kukitumia kipimo hicho kwa safari. Alitakiwa kununua cha kampuni binafsi. Kwa msafiri wa hiari naikubali hoja hii. Afanyaye safari kwa faida yake na alipe gharama ya safari yake, kama alipavyo nauli.

Ila kuikubali kwa msafiri wa hiari kwahitaji masharti matatu. La kwanza, bei iwe gharama ya kazi, isiwe biashara. Kwa maana penye bei kubwa na saa chache hapakosi wauza vyeti vya uongo, na Februari 2021 polisi wa Ulaya, Europol, walitoa onyo juu ya soko hilo huko kwao. La pili, asihesabiwe msafiri wa hiari yule ambaye safari yake ni kazi ya umma: dereva, utingo, mfanyakazi wa reli, mgonjwa apelekwaye hospitali ya nchi nyingine. La tatu, na ndilo kubwa, kipimo cha fedha kisistawi juu ya kaburi la kipimo cha bure. Nchi iwezayo kumpima mwenye dola lakini isiyotangaza hali ya wasio nazo, yafanana na mtu awashaye taa barazani kwa ajili ya wapitao, hali watoto wake wakila gizani.

Mambo yalimalizika kwa namna ambayo yafaa kukumbukwa. Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa Tanzania, nayo ilitolewa bure. Machi 2022 ilitangazwa kwamba aliyekamilisha chanjo haombwi tena cheti cha kipimo aingiapo nchini. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura iliyoanza 30 Januari 2020. Hivyo karatasi ya fedha iliondolewa na sindano ya bure. Na tofauti yao si ya bei tu. Karatasi ilimlinda mwenye mpaka kwa saa 72, nayo haikumlinda aliyeilipia. Sindano ililenga kumlinda mchanjwa mwenyewe kwanza, na kwa kumlinda yeye ikamtuliza jirani.

Basi mwanafunzi akiniuliza tena swali la mwanzo, kipimo kipi kichaguliwe, sitamjibu kwa kutaja shilingi. Nitamwambia aulize maswali mawili kabla ya kutoa mkono au pua yake. Nani ataka kujua? Na nikipatikana mgonjwa, atanifanyia nini? Mwenye mgodi alipima bure, akamrudisha mgonjwa kijijini. Mwenye mpaka alipima kwa fedha, akamrudisha mgonjwa nyuma ya foleni. Yule muuguzi wa Mbeya peke yake, aliyenielekeza mlango wa nyuma, ndiye aliyekuwa na jibu la swali la pili: wakutazame, wajue wakutibu nini. Mlango ule ulikuwa wazi siku ile, wala haukudai kitu. Mimi sikuuingia.